Sweta za mbelekoni: shajara ya kuwafumia watoto wa kaka, Njombe

Februari mwishoni

Naanza kuandika mapema ili nisije kupoteza vipimo maana mradi ni mkubwa kidogo. Kaka yangu na familia yake wako Njombe, wifi yangu anatarajia kujifungua mwezi wa tano, na pale nyumbani tayari kuna wawili, wa kiume ana miaka mitano kaanza darasa la awali na wa kike ana miwili. Mimi niko Mbeya, nako kuna baridi lakini ya Njombe ni habari nyingine, mji uko juu karibu mita 2,000 alafu kuanzia Juni mpaka Agosti asubuhi ukungu umelala mpaka saa tatu na upepo juu yake. Kwahiyo shangazi mtu nataka kila mtoto awe na kitu cha kufuma kwa mkono kabla Juni haijaingia.

Mtoto mchanga ndo mwenye kazi kubwa. Nimekaa wiki nzima naangalia patani za sweta za watoto wachanga kwenye YouTube na Pinterest, nzuri kwakweli, ila zote zimefumwa kwa ajili ya mtoto anayelala kwenye kitanda chake au kwenye kigari cha kusukuma. Mtoto wa wifi yangu baada ya wiki chache atakuwa mgongoni, kwenye mbeleko, kwenda sokoni, kwenda kliniki, kwenda shambani, na mtoto wa mgongoni anakaa tofauti kabisa. Kifua chake kimebanwa kwenye mgongo wa mama, shavu limelala upande, mapaja yametanuka, miguu inaning'inia nje, na kichwa ndo kinapigwa na upepo. Sasa ukimvalisha sweta yenye vifungo vikubwa katikati ya kifua, vile vifungo vinamchimba yeye na vinamchimba mama yake. Nguo inapanda juu mgongo unabaki wazi. Soksi zinadondoka njiani moja moja. Hivyo nimeamua patani nazichukulia hesabu tu, umbo nitalipanga mwenyewe kufuatana na mtoto atakavyobebwa.

Machi, mwanzoni: uzi

Dukani uzi unaopatikana kirahisi ni wa akriliki, zile boli ndogo ndogo za rangi zote, na kwa mtoto mchanga nauchukua huo huo bila kusita mana nguo ya mtoto mchanga inafuliwa kila siku, saa nyingine mara mbili, na anayefua hana muda wa kubembeleza sufu. Sufu ukiiweka kwenye maji ya moto ukaifikicha inajikunja inakuwa nene na ndogo na hairudi tena. Akriliki inavumilia.

Ila kwa wale wawili wakubwa nataka sufu halisi, na sababu yangu ni moto. Njombe jioni watoto wanakaa kuzunguka jiko la mkaa au mafiga. Akriliki ikishika moto inayeyuka na inagandia kwenye ngozi, sufu haiyeyuki, inaungua polepole na mara nyingi inajizima yenyewe ukiitoa kwenye moto. Haimaanishi mtoto aachwe karibu na jiko jamani, ila kama nina nafasi ya kuchagua nachagua sufu.

Na sufu nzuri kwa bei yetu iko mtumbani. Jumamosi nimezunguka Mwanjelwa kwenye meza za sweta za wakubwa natafuta za kufumua, nikapata mbili, ya kijivu na ya bluu iliyoiva, elfu tatu tatu. Kwa wanaotaka kufanya hivi, kitu cha kwanza geuza sweta ndani nje uangalie mshono wa ubavuni kabla hujauliza bei. Kama umeshonwa na ovaloki ule uzi umekatwa kila mstari, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi havifai kitu. Unataka ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake alafu vikaunganishwa, pembeni unaona ukingo mzima wa vitanzi haujakatwa. Pili, kama sweta ishafuliwa vibaya ikashikamana ikawa kama blanketi, iache, haifumuki. Tatu lebo. Kama lebo imekatwa, omba uvute kauzi kadogo pembeni ukakachome nyumbani, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake ukiyasugua yanasagika, akriliki inayeyuka inabaki kakijiwe kagumu.

Machi, katikati: kufumua

Nimeanza na ya kijivu. Unafungua mshono wa mabega na ubavuni kwa mkasi mdogo taratibu, alafu unatafuta mwisho wa kufuma, kwa kawaida uko shingoni, ukiupata unavuta na sweta nzima inaanza kushuka mstari kwa mstari. Mwanangu wa kwanza alikuwa anavuta mimi nazungushia kwenye mgongo wa kiti. Uzi unatoka umejikunja kunja wote, huo usiufume hivyo hivyo maana ukija kufua nguo itabadilika kipimo. Unaufunga shada sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine, usikaze, unauloweka kwenye maji vuguvugu na sabuni kidogo sana kama nusu saa, unasuuza bila kufikicha, unautundika na kitu kizito kidogo chini, mimi nimening'iniza chupa ya maji. Ukikauka umenyooka.

Nimepima kwenye mizani ya jikoni, ya kijivu imetoa gramu 380 na ya bluu 410. Sweta ya mtoto wa miaka miwili inakula kama gramu 200, kizibao cha wa miaka mitano karibu hivyo hivyo, kwahiyo uzi upo wa kutosha na chenji itabaki. Unene wake nao umekuwa karibu na dabo niti, yaani uzi wa unene wa kati, bahati nzuri.

Machi mwishoni: vipimo

Nimempigia wifi akanipimia watoto kwa futi ya fundi cherehani. Naomba sana, usifume kwa umri. Wa miaka miwili yule wa jirani na wa miaka miwili huyu wetu wanaweza kupishana sentimeta tano kifuani. Binti kifua 50, kichwa 48, kutoka kwapani mpaka kifundo cha mkono 22. Mkubwa kifua 59, kichwa 51.

Kwa ambaye hajazaliwa siwezi kupima kwahiyo nimetumia makadirio ya kawaida, kichwa cha mtoto mchanga ni kama sm 35 na unyayo kama sm 8, lakini mimi namfumia wa miezi mitatu moja kwa moja, kichwa 40, kifua 40. Mtoto anapita saizi ya mchanga haraka mno na baridi yenyewe itamkuta ana mwezi na zaidi, nguo ikiwa kubwa kidogo unakunja mikono basi.

Alafu sampuli. Nafuma kipande cha sentimeta 15 kwa 15, nakifua, nakikausha, ndo nahesabu vitanzi katikati ya sentimeta kumi. Sufu ya mtumba kwa sindano namba 8, yaani milimita 4, imenipa vitanzi 22 na mistari 30. Akriliki nyembamba ya foo plai kwa sindano namba 10, milimita 3.25, imenipa vitanzi 28. Hizo namba mbili ndo zinaendesha mradi wote. Na angalieni, namba za sindano za zamani za Kiingereza zinaenda kinyume, namba ikiwa kubwa sindano inakuwa nyembamba, kwahiyo kama umerithi sindano za mama pima kwa milimita.

Aprili: sweta ya binti

Nimeanza nayo hii kwasababu ndo rahisi kuliko zote na mkono unachangamka. Nafuma kutoka shingoni kushuka chini, mtindo wa raglani, ule ambao mshono wa mkono unatoka shingoni kwenda kwapani kwa mshazari. Jina limetoka kwa Lord Raglan, yule jemadari wa Uingereza aliyekatwa mkono baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815. Kwa mtoto mdogo ni mtindo mzuri sana, mkono unakuwa na nafasi ya kutosha kwapani na kumvalisha hakuna kuvutana.

Hesabu: vitanzi 72 shingoni, 24 mbele, 24 nyuma, 12 kila mkono. Kwenye ile mistari minne ya mshazari naongeza kitanzi huku na huku, jumla vinane, kila mzunguko wa pili, mara 16. Hapo mbele na nyuma inakuwa 56 kila upande na mikono 44. Naiacha mikono kwenye uzi wa kushikilia, naongeza vitanzi vinne kila kwapa, mwili unakuwa 120 ambayo ni kama sm 54 na nusu, kwa kifua cha 50 inatosha kuvaliwa juu ya fulana na gauni.

Shingo nimeanzia kwa sindano kubwa zaidi ili ivutike, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo yake kwa mbali, na mtoto ambaye sweta ilishawahi kumkwama masikioni hataki kuiona tena. Naivuta kwa mikono miwili napima na futi, inafika 50 bila kulazimisha, kichwa ni 48, safi.

Kizuri kingine cha kufuma kutoka juu ni kwamba mwaka ujao akirefuka, na mikono ndo inarefukaga haraka kuliko kifua, nafungua mwisho wa mkono tu nashika vitanzi naendelea kushuka na uzi wa bluu. Nimeshaweka pembeni boli moja ya bluu kwa kazi hiyo.

Aprili mwishoni: kizibao cha mkubwa

Sweta ya shule ipo, ile ya mashine, shule inataka rangi yake, kwahiyo mimi nimemfumia kizibao kisicho na mikono cha kuvaa ndani yake. Kijana ameagiza basi mbele. Basi lazima liwepo.

Hapa kuna kitu cha kuzingatia kwa wanaochora picha kwenye karatasi ya miraba. Kitanzi si mraba, ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Kwa sampuli yangu vitanzi 22 ni sentimeta 10 lakini mistari 22 ni sentimeta 7 na kidogo tu, ukichora basi zuri kwenye karatasi ya kawaida likitoka kwenye nguo limebonyea. Ongeza mistari, kwa kila vitanzi vitatu mimi nachora mistari minne. Na sijalifuma kwa kubeba nyuzi mbili nyuma, nimefuma kizibao kizima cha kijivu alafu nikalidarizi basi juu ya vitanzi kwa sindano ya mkono, kitanzi juu ya kitanzi, mana zile nyuzi zinazopita nyuma ya picha vidole vya mtoto vinanasa humo kila akivaa.

Mei, mwanzoni: sweta ya mbelekoni

Sasa kazi yenyewe. Nimeifikiria hii tangu Februari.

Jambo la kwanza, joto. Mtoto wa mgongoni kifuani ana mwili wa mama, juu yake mbeleko, na siku ya baridi juu ya mbeleko kuna shali au blanketi. Kiwiliwili chake hakina shida ya baridi, ukimvalisha sweta nene anatoka jasho, alafu akishushwa lile jasho ndo linampoza. Baridi inampata kichwani, mikononi na miguuni. Kwahiyo kiwiliwili nimekifuma kwa uzi mwembamba, mfumo laini kabisa usio na nundu nundu, hakuna kusuka mapambo kifuani. Mapambo yote yako mgongoni, na ukifikiria ndo upande pekee ambao watu watauona.

Pili, vifungo hamna. Mabega nimeyafanya ya kupishana, kama zile fulana za vichanga ambazo bega la nyuma linakuja juu ya la mbele. Shingo inatanuka sana, na nepi ikivuja unaivua nguo kwa kushusha chini miguuni badala ya kupitisha uchafu usoni kwa mtoto. Kifua 40 nimeongeza 5, inakuwa 45 mara 2.8, ni vitanzi 126, 63 mbele 63 nyuma.

Tatu, urefu wa nyuma. Mtoto akikunja mapaja mgongoni nguo ya nyuma inavutika juu. Nimeongeza mistari mifupi upande wa nyuma tu, nafuma mpaka nikibakiza vitanzi kadhaa nageuza narudi, kila mara nabakiza vingi zaidi, mpaka nyuma imezidi mbele kwa sentimeta 4. Ukiiweka mezani inaonekana kama ina mkia lakini mtoto akikaa mgongoni inakaa sawasawa.

Nimefuma mbili za aina hii nyembamba badala ya moja nzito. Juni kule nguo inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili haijakauka.

Mei, katikati: kofia na suruali

Kofia ndo imenifanya nikae kuwaza zaidi. Ya kamba chini ya kidevu sitaki kabisa, kamba shingoni kwa mtoto mdogo ni hatari. Ile inayofunika kichwa na shingo ikaacha uso tu inashawishi kwa baridi ya Njombe lakini mama haoni uso wa mtoto aliye mgongoni, ikizunguka ikaziba pua hakuna wa kujua. Nimeikataa. Nimefuma ya ribu tupu, vitanzi viwili vya mbele viwili vya nyuma, vitanzi 100, ndefu ya kushuka masikioni na kisogoni, ribu inajivuta yenyewe kwahiyo inashika kichwa bila kubana. Ukiiona mkononi unasema hii ni ya mwanasesere, lakini ivute uone. Nimemwandikia wifi pia kwamba ndani ya nyumba na wakati wa kulala kofia aitoe, mtoto mchanga anapunguza joto kupitia kichwa na akizidiwa joto hawezi kusema.

Miguuni nimeachana na soksi. Mguu unaoning'inia unasugua kwenye kitenge kila hatua, soksi fupi lazima ivuke. Nimefuma suruali yenye nyayo zake humo humo, kiunoni ribu pana bila lastiki ili isimbane tumbo, na katikati ya mapaja nimeweka kipande cha pembe nne, kama kile mafundi wanachoweka kwenye suruali za mazoezi, maana bila hicho mtoto akitanua miguu suruali inashuka nyuma na nepi ya kitambaa inaongeza unene wake. Nyayo nimezigeuza nje na kukagua uzi kwa uzi, kila mwisho wa uzi umefichwa na kukatwa, kwasababu uzi mmoja uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto ukakikaba na mtu asijue analilia nini. Hii naomba kila anayefumia watoto aishike.

Mei mwishoni: shali

Mtoto kazaliwa, wa kike, mama na mtoto wazima, tunamshukuru Mungu. Nikamaliza shali kwa kroshia ya milimita 4. Nimechagua mfumo uliofungana wa singo, kile kitanzi kifupi cha kroshia, na cheni moja moja, sikutaka ule wa matundu makubwa hata kama ndo unaopendeza kwenye picha, vidole vya kichanga vinaingia kwenye tundu vinashindwa kutoka. Kwa wanaofuata patani, angalieni kwanza imeandikwa na Mmarekani au Mwingereza, mana singo ya Marekani ndo dabo ya Uingereza, na dabo ya Marekani ndo trebo ya Uingereza. Usipojua unapata shali yenye ukubwa na uzito mwingine kabisa na uzi unakuishia katikati. Kroshia yenyewe inakula uzi kuliko sindano mbili, nunueni boli za ziada zenye namba ile ile ya rangi kwa wakati mmoja.

Pembeni hakuna pindo la nyuzi za kuning'inia. Mtoto atazila.

Juni, mwanzoni

Mzigo umeondoka na basi la asubuhi kupitia Makambako, kaka kaupokea stendi. Ndani nimeweka na karatasi ya kufulia: za sufu maji ya baridi, sabuni kidogo, usifikiche, usitundike, laza juu ya taulo. Za mtoto mchanga fua unavyofua nguo nyingine ila usipige pasi, akriliki ikipata pasi ya moto inalegea na ribu inakufa.

Julai

Wifi amepiga simu tumeongea kirefu. Suruali ya nyayo ndo imependwa kuliko vyote, anasema ameenda kliniki na kurudi miguu ya mtoto ina moto. Wamama wenzake kwenye foleni wameigeuza geuza wakiuliza kile kipande cha mapajani kimewekwaje, nimemtumia picha na hesabu awape. Mkia wa sweta umefanya kazi, mgongo haubaki wazi. Kofia inakaa, ila akimgeuza kichwa upande mwingine inapanda kwenye sikio moja, kwahiyo inayofuata nitaongeza sentimeta mbili kisogoni kwa mistari mifupi kama nilivyofanya kwenye sweta, mbele ibaki vilevile.

Kijana amekataa kuvaa kizibao ndani ya sweta ya shule kwasababu basi halionekani, anakivaa jumamosi na jumapili. Nimemwambia mama yake amwache.

Binti sweta inamtosha na mikono imekunjwa mara moja. Sasa hivi nipo na uzi wa bluu, nafuma suruali ya pili ya nyayo, saizi ya miezi sita, unyayo nimeweka sm 11. Hii nimeipandisha iwe ya sufu, maana Agosti bado baridi ipo na wifi mwenyewe ameshaizoea ile karatasi ya kufulia.